Siku Kwaya Ilipopanda Mnarani

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili nilipovuka mpaka kwenda kufanya kazi Kisii, na hadi siku ile ya sherehe nilidhani nimekwisha kuogopa kila kitu ambacho fundi wa vyuma anaweza kukiogopa. Niliwahi kuanguka kutoka paa la ghala kule Tanga nikavunjika mbavu. Niliwahi kuona waya wa winchi ukikatika na kupita hewani karibu na shingo ya mwenzangu. Hofu za namna hiyo huja ghafla na kuondoka ghafla. Ukinywa maji zimekwisha. Sikuwa nimekutana na hofu inayokuja polepole, ikakukalia kifuani na kukuziba mdomo, huku miguu yako ni mizima na njia iko wazi mbele yako.

Kazi yenyewe ilikuwa mnara. Kaunti ilitaka mji wake mkuu uwe na kitu ambacho mtu akikiona kwenye picha atasema, hapo ni Kisii. Wakachora mnara wa ghorofa tatu, ndani zege, nje umevikwa lile jiwe laini linalochimbwa Tabaka, ambalo wenyeji huchongea bakuli na vinyago vya twiga. Juu kabisa saa yenye nyuso nne. Usawa wa ghorofa ya pili, roshani ya chuma inayouzunguka mnara wote, ili mtu apande, ashike reli, atazame vilima mpaka upande wa Nyamira. Zege na mawe vilikuwa kazi ya mafundi wa pale pale. Ngazi na roshani vilikuwa vyangu. Mkandarasi alikuwa amewahi kunitumia kwenye daraja moja upande wa kwetu, na aliponipigia simu nilikuwa nimekaa nyumbani Korogwe miezi mingi bila kazi. Sikuuliza maswali mengi.

Nilipanga chumba Suneka, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, mkulima wa ndizi, Msabato wa kuzaliwa. Watoto wake walikuwa watu wazima, na walipokuja kumtembelea nilishangaa kuwasikia wakimwita "Baba." Siku ya kwanza nilidhani marehemu mzee wa nyumba amefufuka. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akaketi chini.

"Kwa Kikisii baba ndiye mama," aliniambia. "Na baba yako unamwita tata. Wewe fundi umekuja kuishi kwa watu na hata mama hujui kumwita?"

Yeye aliniita fundi, na mbele ya majirani aliniita omogeni, yaani mgeni. Jioni alinipa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, akaniomba niseme lolote, apate tu kusikia Kiswahili changu. "Unaongea kama redio," alisema. Sokoni ilikuwa hivyo hivyo. Nikifungua mdomo dukani kuulizia msasa, watu wawili watatu walinyamaza kunisikiliza. Mwanzoni nilifurahi. Baadaye, kibali changu cha kazi kilipoisha muda na karatasi mpya zikachelewa ofisini, nikaanza kununua vitu kwa kuonyesha kidole.

Hilo la kibali nilieleze vizuri. Ombi la kukihuisha lilikwenda mapema, na pasipoti yangu ilikwenda nalo. Mfukoni nilibaki na risiti. Msimamizi wangu aliniambia nisijali, na huenda kweli hapakuwa na la kujali. Lakini miaka ya nyuma, kwenye kazi nyingine na nchi nyingine, nilimwona mwenzangu akichukuliwa na gari la polisi kwa jambo la karatasi, na aliporudi baada ya siku tisa alikuwa mtu mwingine. Hakutuambia kilichompata. Tangu hapo, nikiona askari barabarani, macho yangu hushuka yenyewe.

Huyo msimamizi alikuwa mtu wa kando ya ziwa, kaunti ya jirani, mpole, anayepima kila kitu mara mbili. Wiki mbili kabla ya sherehe ya uzinduzi alinishika bega tukapanda juu wote, akanionyesha kile nilichokuwa nakijua. Roshani ilishikiliwa na mabano ya chuma yaliyozamishwa kwenye zege, na kila bano lilifungwa kwa bolti mbili nene. Mashariki, kusini na magharibi kazi ilikuwa imekamilika. Upande wa kaskazini, unaotazama uwanja, bolti nene zilikuwa zimekwisha, na shehena nyingine ilikuwa njiani. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari limekwama. Tulikuwa tumefunga bolti nyembamba za muda, za kutosha kubeba sakafu yenyewe na mafundi wawili watatu wenye spana.

"Siku ya sherehe hakuna mtu kupanda," alisema. Akaandika barua ya kusema hivyo, akafunga lango la ngazi kwa kufuli, akazungusha utepe wa manjano, akanionyesha ufunguo kabla ya kuutia mfukoni. "Mnara utatazamwa kutoka chini. Inatosha."

Kufuli lile lilikuja na funguo mbili. Wa pili ulitundikwa kwenye msumari ndani ya stoo ya mlinzi. Sote tuliuona pale, na hakuna aliyeufikiria.

Juma la mwisho mji ulibadilika. Mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa, mitaro ikazibuliwa, bendera ndogo ndogo zikavutwa kutoka nguzo hadi nguzo. Watu walisema "mnara wetu" kana kwamba ulikuwa pale tangu babu zao. Wenye mashamba ya chai walishuka kutoka Magwagwa na Kenyenya siku nzima kabla ili wauone ukiwa bado umefunikwa turubai. Mimi nilizaliwa kwenye tambarare za mkonge, mahali ambapo watu wakisherehekea hutawanyika. Pale mji umelala ubavuni mwa kilima, barabara zinapanda na kushuka, na furaha ya watu wengi haikuwa na mahali pa kwenda. Ilirundikana. Nilipopita katikati yao nilibana viwiko vyangu mbavuni, nikatamani siku hiyo ije ipite.

Jioni ya kuamkia sherehe nilimkuta mama mwenye nyumba akipiga pasi sketi ya buluu na blauzi nyeupe.

"Kwaya yetu imeitwa," alisema. "Na wengine wa Nyamira wamekuja kutuongezea sauti. Tuko watu thelathini na nane."

"Mtaimbia wapi, mama?"

"Mbele ya mnara. Kwani wapi?"

"Chini?"

"Chini, fundi. Wewe ulitaka tuimbie mawinguni?"

Nilicheka naye. Ningeweza kumwambia pale pale: hata mkiambiwa mpande, msipande. Yalikuwa maneno machache tu. Lakini siku hiyo mchana mtu mmoja wa itifaki alikuwa ametukusanya mafundi na kutuambia kesho tusionekane na ovaroli, na tena tusiwe tunaongea ongea na watu juu ya mambo ya kazi, kwa kuwa siku ya sherehe kila neno hugeuka kuwa habari. Hakusema kwa ubaya. Nami nilikuwa na risiti yangu mfukoni. Nikanywa chai, nikanyamaza.

Asubuhi msimamizi aliniita kwa simu. Alikuwa amekwisha ondoka na pikapu kwenda kuzifuata zile bolti yeye mwenyewe, kwa sababu dereva wa lori alikuwa amekata tamaa. "Nitarudi mchana. Kufuli liko, sivyo?"

"Liko," nilisema. Nilikuwa Suneka, sijalitazama tangu jana yake.

Nilifika mjini saa nne, nimevaa shati la sikukuu, na sikuweza kuusogelea mnara. Uwanja ulijaa hadi kwenye ngazi za maduka. Nilipata nafasi kando ya mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi, mahali ambapo ardhi imeinuka kidogo. Mvua ya Kisii huja alasiri, lakini siku hiyo mawingu yaliwahi, yakakaa juu ya kilima, na jiwe la mnara lilikuwa la rangi ya majivu. Turubai liliondolewa. Watu walipiga vigelegele. Mwenye mahindi akaniuliza, "Si ni mzuri?" Nikajibu kwa kichwa.

Kisha mshereheshaji akasema kwenye spika kwamba kwaya ya akina mama itakaa juu, ili hata walioko mbali waione.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikatazama lango la ngazi. Utepe wa manjano haukuwepo. Mahali pake palikuwa na utepe mwingine, mwekundu, wa sherehe, umefungwa fundo la maua. Lango lilikuwa wazi. Waliokuja kutundika bendera asubuhi walikuwa wameuomba ule ufunguo wa stoo, wakapanda, wakashuka, wakaenda zao. Aliyefuata alikuta lango wazi akaona ni sawa. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule niliona tu sketi za buluu zikipanda moja baada ya nyingine, zikishika reli niliyoipaka rangi kwa mkono wangu, na zote zikigeuka kulia, upande wa kaskazini, upande unaotazama uwanja.

Nilihesabu. Sikuweza kujizuia. Tano, tisa, kumi na nne. Kwenye kumi na tisa nilimwona mama mwenye nyumba, anashika goti lake kila akipiga hatua, anacheka na mwenzake wa nyuma. Ishirini na sita. Thelathini. Wanaume wachache wa sauti nzito walikuwa wa mwisho. Walijipanga safu mbili, wamebanana, na mwalimu wao wa kwaya akabaki chini uwanjani ili wamwone akiinua mikono.

Nilipiga simu ya msimamizi. Mtandao ulikuwa umelemewa, simu haikutoka. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Wakaanza kuimba.

Wimbo wa kwanza wote nilisimama. Nataka niliseme hili bila kulipunguza. Sikuwa nimeshikwa na mtu. Njia haikuwa wazi sana lakini ningeweza kujipenyeza. Nilikuwa nikiwaza kwamba bolti hubeba zaidi ya kile kilichoandikwa juu yake, na hilo ni kweli. Nilikuwa nikiwaza kwamba nikipiga kelele, watu elfu kadhaa waliobanana kwenye mteremko watakimbia, na watakanyagana, na hilo nalo ni kweli. Chini ya hizo kweli mbili palikuwa na nyingine ndogo, nayo ndiyo iliyonishika miguu: nikifungua mdomo wataniuliza mimi ni nani.

Wimbo ukaisha, watu wakashangilia, na wa pili ukaanza. Huu ulikuwa wa mwendo wa haraka. Wasabato hawachezi wakiimba, lakini mwili ni mwili. Safu mbili zile zikaanza kuyumba kidogo, kushoto, kulia, zote pamoja. Nikaona kivuli chini ya ukingo wa roshani kikipanuka na kufinyika. Upana wa ukucha, basi. Mtu mwingine asingeuona.

Hapo ndipo nilipokwenda. Nilisukuma watu, nikakanyaga miguu, nikatukanwa kwa lugha nisiyoijua. Kwenye kamba iliyozunguka mnara askari mwanamke wa makamo alinishika kola.

"Unaenda wapi?"

"Afande, hao wanaoimba washushwe. Bolti za upande huu ni za muda. Roshani haijakamilika."

"Nini haijakamilika?"

"Roshani. Hiyo... balkoni."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye fundi wake."

Alilitazama shati langu la sikukuu. Kisha akakunja uso, na nikajua amekisikia Kiswahili changu. "Unatoka wapi na hii Kiswahili yako?"

"Tanzania."

"Kitambulisho."

Nilitoa risiti, ikaniponyoka, nikaiokota ikiwa na udongo. Aliisoma polepole. Juu yetu walikuwa wamefika kibwagizo.

"Hii imeandika umeomba. Haijaandika umepewa." Hakuwa mkali. Alikuwa mtu mwenye kazi nyingi. "Kaa hapo chini. Mgeni rasmi akishapita tutaongea."

Na mimi nikakaa. Mwanamume mzima, fundi mwenye miaka thelathini kazini, nilikaa kwenye ukingo wa barabara uliopakwa chokaa kama nilivyoagizwa, mikono magotini. Sijui nilikaa muda gani. Nadhani ni beti mbili. Kisha nikasikia juu yangu sauti ninayoifahamu tangu ujana, sauti ya chuma kinachotafuta mahali pa kukaa. Ni sauti ndogo, kama mtu anayevunja kidole chake cha mkono. Spika zilikuwa zikinguruma na bado niliisikia.

Nikainuka, nikapita chini ya kamba. Askari aliita nyuma yangu, lakini msafara wa mgeni rasmi ulikuwa unafunguliwa milango na hakuweza kuondoka mahali pake. Nikafika kwenye ngazi. Hapo nikasita tena, maana kupanda kulikuwa kuongeza uzito wangu juu ya uzito wao, na kwa sababu nilikuwa naogopa kufa. Nilipanda nikiwa nimeshika reli kwa mikono yote miwili. Nilisimama kwenye kidato cha mwisho, mguu mmoja kwenye ngazi ambayo niliiamini, mwingine sikuuweka popote.

Nilimwita mama mwenye nyumba. Nilisema "Mama! Mama!" na hakuna aliyegeuka, kila mtu yuko kwenye wimbo. Ndipo lilinitoka lile neno la watoto wake.

"Baba!"

Wanawake wote waliokuwa karibu waligeuka pamoja. Kila mmoja alikuwa ameitwa hivyo na mtoto wake. Waliendelea kuimba, midomo inakwenda, macho yananitazama. Yeye alikuwa wa sita kutoka ngazini. Aliuona uso wangu, akaacha kutabasamu.

"Shukeni," nilisema. "Mmoja mmoja. Msikimbie. Chuma hakijafungwa vizuri. Msikimbie, mama, nakuomba."

Hakuniuliza kitu. Alitazama sakafu chini ya viatu vyake, akatazama watu walioko uwanjani, kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alisubiri mwisho wa ubeti. Aliinua mkono, akaanzisha wimbo mwingine peke yake, wa taratibu, kwa Kikisii, na kuanza kutembea kuelekea ngazini kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Aliyekuwa karibu naye akamfuata. Nilirudi kinyumenyume kidato kwa kidato, nikiwapa njia. Walishuka wakiimba, mkono kwenye bega la aliye mbele, na kule uwanjani watu wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Walidhani ni sehemu ya sherehe. Mwalimu wa kwaya alisimama na mikono yake hewani, haelewi.

Kila aliposhuka mmoja nilijisikia kupumua. Ishirini wakawa chini. Ishirini na tano. Walikuwa wamebaki wanane, wengi wao kwenye kona ya mbali, wakati bolti ya kwanza ilipokatika.

Mlio wake ulikuwa kama bunduki. Sakafu ya kaskazini ilishuka kiasi cha shubiri moja, ikasimama, imening'inia kwenye mabano ya pembeni. Wanawake wawili walianguka. Mmoja, mama wa Nyamira, aliangukia mkono wake kwenye reli na nikaona mkono ukipinda mahali pasipo na kiungo. Wanaume wa sauti nzito, waliowapisha akina mama washuke kwanza, waliwanyanyua na kuwaburuta kwenye upande mzima, na kutoka hapo wakashuka. Uwanjani kulitokea mayowe. Umati ulirudi nyuma kama wimbi moja, na kwa muda mfupi nilichokiogopa kilikuwa karibu kabisa kutokea. Lakini wale wanawake waliokwisha kushuka hawakuwa wameacha kuimba. Walikuwa wamesimama mbele ya mnara, karibu thelathini, sauti zao zinatetemeka, nyingine zinalia waziwazi, na wimbo unaendelea. Watu hawakukimbia. Wale wa nyuma walidhani ni baruti.

Alasiri nilikuwa kituoni. Mvua ilinyesha kwenye mabati hata ikabidi maswali yaulizwe mara mbili. Jina, kazi, kibali, nani aliniruhusu kupanda, kwa nini sikutoa taarifa mapema. Lile la mwisho waliliuliza mara nyingi, na kila mara nilijibu kwamba nilijaribu, nikasimamishwa kwenye kamba. Ilikuwa kweli kuanzia wimbo wa pili. Yule askari mwanamke alikuwepo, amesimama mlangoni, koti lake linachuruzika. Alisema, "Ni kweli, alikuja kwangu. Nilimwambia akae." Alilisema bila kuinua sauti na kisha akatoka. Msimamizi alifika na matope hadi magotini, sanduku la bolti bado kwenye pikapu, na nakala ya barua yake mkononi. Magharibi waliniachia. Waliniambia nisitoke nje ya nchi.

Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni, bado na blauzi yake nyeupe. Alinipa kikombe cha chai, akaketi mbele yangu.

"Mwenzetu amefungwa plasta," alisema. "Mifupa miwili imevunjika. Atapona."

"Tumshukuru Mungu."

"Fundi. Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kumpa jibu nililowapa polisi. "Tangu jana, mama. Kabla ya jana. Na leo nilisimama wimbo wa kwanza wote nikiwatazama."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa kuulizwa karatasi."

Alichukua kikombe changu, ambacho sikuwa nimekigusa, akakimwaga nje, akakiosha. Sikujua kama amenifukuza au anasafisha vyombo. Kwa siku nne hakuniita fundi wala omogeni wala chochote. Chakula nilikikuta mlangoni kimefunikwa.

Tulizifunga zile bolti nene, msimamizi na mimi, kila moja tukiikaza wawili. Baadaye wakaja wakaguzi, tukapandisha magunia ya mchanga juu ya roshani, upande wa kaskazini wote, uzito wa watu mia moja, tukayaacha siku tatu. Chuma hakikusogea hata unywele. Msimamizi alitia sahihi, wakaguzi wakatia sahihi. Mimi nilipopewa kalamu nilikwenda kwanza kujisaidia, kisha nikarudi nikatia yangu.

Ijumaa iliyofuata mama mwenye nyumba alibisha mlango wangu asubuhi. "Ninaenda Magwagwa, kule Nyamira, kumwona yule mgonjwa," alisema. "Utanibebea ndizi."

Yule mama wa Nyamira alikuwa ameketi ubarazani kwake, mkono kwenye plasta, anawatazama mumewe na binti yake wakichuma chai kwenye mteremko wa mbele ya nyumba. Ilikuwa imechipua vizuri na wao wawili hawakuweza kuimaliza. Nilijieleza yote tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alinisikiliza kwa uangalifu, wakati mwingine akimtazama mama mwenye nyumba amfafanulie neno.

"Sasa iko salama?" aliniuliza.

"Iko salama, mama. Tuliweka magunia ya mchanga, siku tatu."

"Gunia haiimbi," alisema. "Gunia haiyumbi."

Mumewe aliinuka kutoka kwenye chai, akaja kunisalimia, akanipa kikapu bila kuniuliza kama najua kuchuma. Sikujua. Nilichuma hadi mvua ilipoanza, majani makubwa pamoja na madogo, na binti yake akipita nyuma yangu kuyatupa yaliyokomaa. Tulirudi Suneka na mama mwenye nyumba jioni hiyo, nguo zimelowa. Njiani aliniambia kwamba kwaya imealikwa tena, na kwamba safari hii wamekubaliana kuimbia chini.

Kibali kilitoka mwezi uliofuata, na mkataba wangu ukaongezwa kwa kazi ya matunzo. Bado niko. Lango sasa hufunguliwa siku za soko, watu wanapanda, wanapiga picha, wanaonyeshana makwao kwa vidole. Siku hizo mimi hufika kabla yao. Huingia chini ya roshani na nyundo ndogo, nikaigonga kila nati upande wa kaskazini na kusikiliza, kisha nikaanza upya kutoka ya kwanza, kwa kuwa nikifika mwisho huwa siamini nilichosikia mwanzoni. Zote zimekaza. Watu wa kwanza wakianza kupanda, mimi huondoka, nikaenda kusimama upande wa pili wa barabara, mahali ambapo siwezi kuwahesabu.